Mwalimu Kakule na Saa Yake ya Butembo

Tarehe 30 Juni 2023 Mwalimu Elisée Kakule anastaafu, baada ya miaka ishirini na minne ya kufundisha darasa la ubatizo katika kanisa letu hapa Kansanga, Kampala. Kamati imeniomba mimi, Mama Benedicte, niandike wasifu huu kwa kuwa nimefundisha naye muda wote huo. Nimekubali. Mniwie radhi nikiandika kwa wivu, maana wivu ninao, na mnaujua.

Mwalimu alizaliwa mji wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, akafundisha shule ya msingi huko, kisha vita vikamleta Kampala na mkoba mmoja na saa ya mkononi. Saa za Butembo ziko nyuma ya za Kampala kwa saa moja. Sisi wengine tuliotoka huko, tulipofika tulisogeza mishale mbele, yakaisha. Yeye alikataa katakata. Alisema akiisogeza atakuwa amekubali kwamba harudi tena nyumbani. Basi darasa la saa nne yeye alilifikia saa tano, kila Jumamosi, bila haya, wala hakuna aliyemgombeza.

Hiyo saa moja ilikuwa yangu. Nilifungua mlango, nikafagia, nikachora ubaoni siku sita za uumbaji kwa chaki za rangi. Hata samaki niliwawekea magamba. Wanafunzi walikuwa jicho moja ubaoni, la pili mlangoni. Mwalimu akiingia anausifu mchoro wangu, halafu anaufuta! Anaandika neno moja tu: KABLA.

Kisha anawauliza Mungu alikuwa akifanya nini kabla ya kuumba. Huyu atasema alikuwa amepumzika, yule atasema alikuwa akipanga. Mwalimu anavua saa yake, anaiweka mezani kando ya saa ya mwanafunzi, anauliza ipi inasema kweli, na Mungu anavaa ipi. Wakishacheka anawaeleza kwamba Mungu havai hata moja. Wakati wenyewe ameuumba, pamoja na jua na mwezi, kwa hiyo hakuwahi kukaa akingoja siku ya kuanza kazi. Hapo anafuta na KABLA yenyewe. Jana na kesho, husema, ziko mbele za Mungu pamoja. Jamani, hayo na mimi nimeyasoma! Ila nikiyasema mimi, watu wanapiga miayo.

Marie-Jeanne, anayeuza sombe, yale majani ya muhogo, katika soko la Kalerwe, alimzika mwanawe njiani wakikimbia vita. Nilimfundisha miezi mingi asitie neno. Siku aliyosikia kwa Mwalimu kwamba kwa Mungu yule mtoto si wa zamani, alilia sana, akajifuta uso, akauliza ubatizo ni lini. Nilifurahi, kweli nilifurahi. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani roho iliniuma: kwa nini si mimi?

Niseme na mengine, wasije wakasema nimeyaficha. Madawati tunayokalia aliyapigilia misumari yeye. Kwaya aliiimbia besi, vibaya mno, na bado wakampenda.

Sasa darasa ni langu. Nimelitamani miaka yote hii. Jumamosi iliyopita nilikwenda kulianza peke yangu, nikamkuta Mwalimu ameshafika, amekaa benchi la nyuma na wanafunzi. Nikatazama mkono wake. Alikuwa amesogeza mshale.

Nikachora ubaoni kama kawaida. Mwanafunzi mmoja akauliza lile swali la kabla. Vichwa vyote vikageuka nyuma. Mwalimu akanyoosha kidevu kunielekeza mimi. Nikaufuta mchoro wangu mwenyewe, samaki na magamba yao, nikaandika KABLA. Nilipomaliza, darasa lilipiga makofi, na yeye akapiga kuliko wote. Hata kwa makofi amenishinda!

Asante, Mwalimu. Tunakuombea uzee wenye afya na wajukuu wengi, na Mungu asiyevaa saa akutunze. Nina ombi moja tu: rudisha mshale ulipokuwa. Darasa ni saa nne. Nitakungoja hadi saa tano.