Mama Annuarite Lwaboshi, Mtetezi wa Migongo ya Dzaleka

Baada ya miaka ishirini na miwili katika chumba cha eksirei cha zahanati yetu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, Mama Annuarite Lwaboshi anastaafu tarehe 31 Julai. Alizaliwa Uvira, akasomea kazi yake Bukavu, na tangu afike ametutawala kwa upole wa aina yake: ukibisha, anakukalisha chini.

Kambini kila mama hufunga ufunguo wa nyumba kwenye pindo la kitenge, kiunoni, na zamani picha nyingi za mgongo zilitoka na ufunguo juu ya pingili. Daktari mmoja mgeni aliwahi kuuliza mgonjwa amemeza nini. Tangu hapo Mama Annuarite hunyoosha kiganja kabla hata ya salamu, na wageni hudhani anaomba kitu kidogo.

Lakini hasa tutamkumbuka kwa ajili ya Kibibi, fundi cherehani kutoka Kindu, aliyeumwa mgongo miezi mingi. "Ni mashini njo inaniumiza, Mama, itapita," alisema, nasi tukaamini, maana mafundi wote hapa hulalamikia mgongo. Eksirei ilitoka safi, ya mbele na ya ubavuni. Kisha miguu ikaanza kumlegea.

Mama Annuarite akakataa kuiamini picha yake mwenyewe. Kifua kikuu cha uti wa mgongo ni bandu bandu, alitukumbusha. Eksirei hukiona kwa kuchelewa, mfupa ukishaliwa, ilhali kipimo cha MRI hukiona mapema. Tabibu wetu akaandika rufaa ya Lilongwe.

Mama Annuarite akampeleka Kibibi mwenyewe, lakini huko mashine ilikuwa imeharibika. Walipokwenda tena, bado. Safari ya tatu Mama Annuarite aligoma kurudi kambini. Walilala mtaa wa Kawale, mjini humo, kwa muumini mwenzake, na kila asubuhi alimshika Kibibi mkono hadi mlangoni pa chumba cha MRI, mpaka picha ikapatikana. Usaha ulikuwa umeanza kuubana ugwe wa mgongo, ule unaoendesha miguu. Sindano iliyoongozwa kwa picha za CT ikatoa sampuli, ugonjwa ukathibitishwa, na dawa zikaanza kabla miguu haijafa.

Mama Annuarite, umetuchosha, na kwa kutuchosha huko tunakushukuru kwa moyo wote. Irakiza, unayemwachia chumba, amekwisha kuwa mbishi kama wewe. Nenda ukalime mboga zako, uwasumbue wajukuu badala yetu. Tunakuombea afya njema na siku nyingi za furaha.

Kibibi naye tulimtafutia kabaza, baiskeli ya abiria, ya kumleta kwenye sherehe. Ameikataa. Anakuja kwa miguu.