Mzee Viza, Aliyetoka wa Mwisho

Ndugu waombolezaji, marafiki na majirani, kwa niaba ya familia, mdogo wake marehemu anawasomea maisha ya kaka yake, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Viza, na kama kuna jambo halitaeleweka mtuvumilie, kwa sababu hata sisi wa nyumbani mengine hatujayaelewa mpaka leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1955, au tarehe 9 Mei mwaka huohuo, maana mama alishikilia Machi, shangazi akashikilia Mei, na wote wawili walikuwepo, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa fundi cherehani na mkewe. Alianza shule ya msingi mwaka 1962, akaingia sekondari mwaka 1970, kisha akasomea ufundi wa mitambo chuoni hadi Desemba 1976, ambako walimu walimsifu kwa utulivu, sifa ambayo sisi tuliolala naye kitanda kimoja tuliipokea kwa mshangao.

Tarehe 3 Aprili 1978 aliajiriwa katika mtambo wa kusafisha gesi asilia, na hapo ndipo tulipoanza kuchanganyikiwa, kwani baba alidhani mwanawe amepewa ufagio. Marehemu alitueleza, tena na tena, kwamba gesi hutoka ardhini ikiwa imechanganyika na gesi nyingine zenye asidi, zinazokula mabomba na kuua watu, kwamba hupandishwa ndani ya mnara mrefu huku dawa ya majimaji ikiteremka na kuzinasa zile mbaya, kisha dawa huchemshwa iziachie, na ile inayonuka kama yai viza hupelekwa kwenye tanuri, ikageuka salfa ya njano ya kutengenezea mbolea. Tuliitikia kwa vichwa, tukabaki na lile yai tu, na jina likamganda. Jambo moja lilitushinda kabisa, aliposema kwamba gesi hiyo ikiwa kidogo inanuka, lakini ikizidi inaiua pua, kwa hiyo mtu asiogope harufu, aogope inapokatika ghafla.

Tarehe 12 Septemba 1981 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, baada ya mama mkwe kumkagua kutoka kola hadi soksi akitafuta harufu na kuikosa, wakajaliwa watoto watatu, mwaka 1983, 1986 na 1991, na wajukuu wanne. Mwaka 1994 alipandishwa cheo kuwa kiongozi wa zamu, akastaafu tarehe 30 Juni 2013, mwili mzima, pua nzima.

Mwezi Februari mwaka jana alipatwa na kiharusi, na daktari akatuambia kwamba kati ya vilivyopotea ni uwezo wa kunusa. Kwa mtu mwingine huo ni msiba mdogo, lakini kwake nyumba isiyonuka chochote ilikuwa king'ora. Tukiwa mezani mchana aliinuka, akazima jiko, akamsukuma mkewe, akatusukuma sisi, akamsukuma na jirani aliyekuja kuomba chumvi, mpaka uani, tukasimame upande upepo unakotoka, siku baada ya siku. Tulisema akili imeruka. Shemeji alilia, maana mume aliyemtunza miaka yote sasa anamtoa nje, na hakujua kama anafukuzwa au anaokolewa.

Kisha alikuja kumjulia hali fundi pampu aliyefanya naye kazi mtamboni, naye akatolewa nje vilevile, na pale uani, akicheka huku anafuta machozi, akamweleza shemeji kwamba kiongozi wa zamu hatoki mpaka aambiwe kuwa watu wote wametoka.

Marehemu alilazwa tarehe 4 mwezi huu, na tarehe 11, saa tisa alasiri, akiwa ameshafumba macho, alimwambia mkewe atoke. Shemeji hakuweza kumwacha, akabaki kando ya kitanda akibana pumzi, na marehemu alipouliza kama wote wametoka, yeye mwenyewe akamjibu kwamba wote wametoka. Marehemu alishusha pumzi, na haikurudi. Tangu siku hiyo shemeji anatuuliza kama alimdanganya mumewe katika dakika ambayo mtu hadanganywi, na wenzake marehemu wa mtambo wamegawanyika, mmoja akisema anayehesabu watu haambiwi uongo, mwingine akisema anayehesabu naye ni mtu, lazima atoke.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, wafanyakazi wenzake, na majirani mliosimama juani na sahani zenu mkononi bila kumtukana.

Kaka, hapa hakuna aliyebaki ndani, hata shemeji yuko nje, amesimama upande upepo unakotoka, na safari hii ni kweli, kwa hiyo toka nawe, upumzike kwa amani.