Isidore Urombi na Kaye ya Sentensi za Kweli

Ndugu, majirani, walimu wenzake, na ninyi mliokuwa wanafunzi wake: tunayemsindikiza leo, Alhamisi tarehe 16 Oktoba 1986, ni kaka yangu Isidore Urombi. Ninayesoma ni Vital, mdogo wake. Wengine mmeniona nikitabasamu tangu asubuhi na mmeshaanza kunong'ona. Nong'oneni tu, lakini sikilizeni kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1936 karibu na Mahagi, mtoto wa kwanza wa mzee Philippe na mama Berthe, wakulima. Mimi nilimfuata miaka saba baadaye.

Alisoma shule ya msingi ya misheni. Mwaka 1950 hakutokea kwenye mtihani wa darasa la sita, akarudia mwaka mzima bila kumweleza mtu sababu. Nyumbani tulimbandika jina la Mrudiaji, na aliyecheka kuliko wote ni mimi. Mwaka 1952 alivuka mpaka kwenda Arua, Uganda, kwa mjomba wetu, akakaa miaka minne, akarudi na Kiingereza. Shule ya ualimu aliimaliza mwaka 1960.

Alifundisha kwanza Mahagi, na tangu 1967 alifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari hapa Bunia. Mliopita mikononi mwake hamjasahau "look after". Muhula mzima wa kwanza ulikuwa wa maneno hayo. Aliyaandika katikati ya ubao, pembeni akaweka jamaa zake, "take care of", "mind", "care for", na chini akaweka ya kwetu: kutunza, kulea, kuchunga, kuuguza. Mtu anachunga mbuzi, analea yatima, anauguza baba, anaangalia duka la jirani aliyekwenda misa. Hata mkiagana njiani, alisema, unaweza kumwambia mwenzako ajitunze. Ila sharti lilikuwa moja: sentensi haipandi ubaoni kama jambo lenyewe halijafanyika.

Mwaka 1975 Martine, binti wa fundi cherehani wa Shari, alisimama akasema kwa Kiingereza kizuri kwamba anachunga ng'ombe wa baba yake.

"Martine, ngombe ya papa yako iko wapi?"

"Haiko, Mwalimu. Iko tu mu fraze."

"Basi wende utafute fraze yenye iko ya kweli."

Jumatatu akaleta sentensi nyingine: alikuwa ameangalia sombe, majani ya muhogo, jikoni mama yake alipokwenda sokoni.

"Na haikuungua?"

"Iliungua kidogo, Mwalimu."

Akaiandika ubaoni, pamoja na kuungua kwake. Sentensi zilizokubaliwa alizinakili katika daftari moja nene, kaye kama tunavyosema hapa, miaka yote kumi na tisa. Martine leo ni muuguzi, na ndiye aliyefunga kidonda cha mwalimu wake mpaka siku ya mwisho.

Tarehe 11 Agosti 1962, katika parokia ya Mahagi, marehemu alifunga ndoa na Léonie. Mungu aliwapa Noëlla, Henri na Claudine. Mwaka 1974 alipata kiwanja hapa Bunia, mtaa wa Mbunya. Wiki ya kuandikisha, yeye alikuwa Mahagi akimuuguza mama, basi kiwanja nikakiandikisha mimi, kwa jina langu. Tulisema tutabadilisha. Miaka ikapita, nyumba ikasimama, jina likabaki langu. Na mnajua mambo yetu: mume akizikwa, ndugu zake huja na kufuli, na mjane hufungasha vitu vyake na kuondoka. Nasema wazi mbele ya jeneza, nyumba ile nilikuwa nimeshampangia mtoto wangu, na kufuli nilinunua tangu Agosti.

Kisukari kiligunduliwa mwaka 1983. Mwaka huu kikashika mguu. Katikati ya Septemba nilimwambia asihangaike, Léonie na watoto nitawatunza. Nikamwambia hata kwenye kaye naweza kuiandika sentensi hiyo.

"Usiandike, Vital. Ile haiyafanyika bado."

"Mi ni ndugu yako, si mwanafunzi wako!"

"Njo maana nakuambia pole pole."

Nilitoka kwa hasira, nikakaa zaidi ya wiki tatu bila kukanyaga pale. Tarehe 9 Oktoba nilirudi, nikamkuta amelala. Kaye ilikuwa juu ya kiti. Niliifungua nimtafutie kosa, sifichi. Kwenye ukurasa wa kwanza kabisa palikuwa na sentensi ya Kiingereza, na chini yake ameandika kwa Kiswahili: "Mwaka 1950 nilimuuguza mdogo wangu Vital, aliyekuwa na surua. Siku kumi na moja. Mama alikuwa hospitali, amejifungua." Siku hizo ndizo zilizokuwa za mtihani. Miaka thelathini na sita nilimcheka kwa mwaka aliopoteza kwa ajili yangu. Nilikaa pale nikalia kama mtoto.

Kesho yake, Ijumaa, nilikwenda na mashahidi wawili kwa chefu wa mtaa, na hati ya kiwanja ikaandikwa jina la Léonie. Nikaipeleka kitandani. Marehemu aliisoma mara mbili, akatafuta makosa ya maandishi, akapata moja.

"Sasa andika," akaniambia.

Niliandika kwamba Vital alimtunza Léonie, na tarehe. Usiku ule alilala bila kugumia kwa maumivu, na mimi mzigo ukanitoka kifuani. Ndiyo maana natabasamu. Aliaga dunia Jumanne tarehe 14 Oktoba, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Léonie, watoto Noëlla, Henri na Claudine, wajukuu wawili, mama yetu Berthe, na mimi, ndugu yake pekee aliyebaki.

Kaka, Mungu akupokee upumzike. Tukitoka hapa tutakwenda Mbunya, nyumbani kwa Léonie, kama atatukaribisha. Ile kufuli imo mfukoni mwangu. Nitampa yeye, na funguo zake zote mbili. Lakini hilo bado halijafanyika, Mwalimu, kwa hiyo sijaliandika.