Mama Yatulie na Tangi Namba Nne

Wasikilizaji wapendwa, ni mchana wa Jumamosi, saa yetu ya kuwakumbuka waliotutangulia. Vuteni viti. Leo hamtasikia tangazo lolote la biashara humu. Hata moja. Sababu ipo na nitaisema. Ila kwanza nimtaje mwenye siku yake.

Tunamkumbuka mwanamke aliyepima mafuta. Alipima mafuta kwenye ghala la bandarini kwa miaka ishirini na miwili. Amefariki Jumapili iliyopita, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Madereva wa malori walimwita Mama Yatulie, na jina likamganda mpaka wakwe zake wakalichukua.

Jina lilitokana na kazi. Meli ikishusha dizeli kwenye tangi, dizeli ile huwa imevurugika. Kama imekuja na maji, maji hayo yametawanyika humo, matone madogo madogo, huyaoni. Inabidi mafuta yaachwe yatulie mpaka siku ya pili. Maji ni mazito, yanashuka polepole hadi chini. Hapo ndipo mpimaji anapanda ngazi za tangi na fimbo yake ndefu, ncha yake imepakwa dawa ya manjano. Dawa ikigusa maji inageuka nyekundu. Bila saini ya mpimaji, koki haifunguliwi. Na huyu mama hakuwa anasaini mpaka mafuta yatulie. Narudia, maana mengine yote yametoka hapo: hakuwa anasaini mpaka mafuta yatulie.

Dereva mmoja aliyepakia pale miaka mingi ameniambia, "Tulikuwa tunamlilia, mama, ngojangoja huumiza matumbo! Anatujibu kutoka juu ya tangi, 'Na harakaharaka huua injini, baba. Kanywe chai.'"

Nyumbani alikuwa vilevile. Alipima unga wa dukani. Alipima kitambaa cha fundi cherehani mbele ya fundi mwenyewe, naye fundi kanuna. Binti yake, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu, anacheka na kulia kwa pamoja akinisimulia: "Mchumba wangu alipoletwa nyumbani, mama alimkodolea macho nusu saa, hasemi neno. Nikamvuta jikoni, mama, unafanya nini? Akasema, 'Namwacha atulie, nione chini kuna nini.'" Mchumba alitulia. Leo ni mkwe, na ndiye aliyebeba jeneza mbele.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, turudi nyuma miaka kumi na mmoja. Wengi wenu mnaikumbuka ile shida. Wakubwa huko mbali waligombana, bei ya mafuta ikapaa, na sisi huku hatuna hata kisima kimoja. Kila tone tunaletewa na meli. Meli ikachelewa siku kumi na tisa. Mkate ukapanda bei. Sabuni ikapanda. Hata ndala zikapanda, na ndala haina injini! Mama Yatulie aliwaambia wenzake ghalani maneno ambayo dereva yule hajayasahau: "Mazao yetu tunayapakia melini kwa bei wanayotaka wao. Mafuta yao tunayashusha kwa bei wanayotaka wao. Sasa sisi bei yetu ni ipi?"

Siku ya ishirini meli ikatia nanga. Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumanne. Dizeli ikashushwa kwenye tangi namba nne, ikamalizika saa moja asubuhi. Malori yalikuwa yamejipanga kutoka lango la ghala mpaka barabara kuu. Meneja akamwita. Saini. Akasema, kesho asubuhi. Meneja akasema, nchi imesimama, unaona malori yale? Akasema, nayaona, kesho asubuhi.

Saa sita mchana meneja akapanda tangi mwenyewe, na viatu vyake vya ofisini. Akatumbukiza fimbo. Akaitoa. Dawa ilikuwa ya manjano vilevile. Akaiinua juu, madereva wote waione. Safi! Watu wakapiga makofi, honi zikalia. Mama Yatulie alisimama chini akasema jambo moja tu. Alisema, maji bado yako njiani. Hakuna aliyetaka kusikia habari za maji.

Hapa, wasikilizaji wapendwa, ndipo ninapoingia mimi.

Saa saba na dakika ishirini mchana, mtu aliingia studio na karatasi. Karatasi nyeupe, iliyopigwa chapa. Haikuwa na nembo wala jina chini. Aliyeileta nilimfahamu sura, alikuwa akitoka ofisi ya mdhamini wetu. Na mdhamini wetu wakati ule, sikilizeni vizuri, alikuwa yuleyule aliyeagiza ile meli. Sikuuliza kitu. Nilikuwa kijana wa sauti nzuri na gari jipya, na tangi la gari hilo lilikuwa tupu kama la mtu mwingine yeyote. Saa saba na nusu niliisoma, na nikairudia kila saa hadi jioni. Nilisema maneno haya, na nayarudia kama yalivyo: "Mafuta yamepimwa na ni safi. Kinachowachelewesha ni mfanyakazi mmoja wa kike aliyegoma kusaini kwa sababu zake binafsi. Wananchi wana haki ya kujiuliza kama hii si hujuma."

Sikumtaja jina. Nilidhani huo ni uungwana. Lakini ghala zima lilikuwa na mpimaji mmoja wa kike.

Walimzomea langoni. Mtu alimrushia chupa. Saa tisa alasiri meneja alimnyang'anya funguo mkononi, akasaini mahali pake, koki ikafunguliwa. Mama Yatulie alikuwa na daftari dogo la jalada la bluu, lake mwenyewe, si la kampuni. Binti yake amenionyesha. Siku ile kaandika mstari mmoja: "Saa tisa. Tangi namba nne. Sijasaini. Funguo nimenyang'anywa." Mwandiko umenyooka.

Kisha akampigia simu mumewe. Mumewe alikuwa dereva wa teksi, na siku hiyo alikuwa kwenye foleni ya kituo cha mafuta, siku ya nne, analala ndani ya gari. Akamwambia, baba watoto, usijaze leo. Wala kesho.

Nilikwenda kumpa mkono wa pole mzee huyo juzi Alhamisi. Alikuwa amekaa barazani, kofia mapajani. Nikajitambulisha. Akasema, "Sauti yako naijua." Akaigeuza kofia. Kiti kilishaanza kuniunguza. Kisha akasema, "Alinipigia simu. Na wewe ulikuwa redioni ndani ya gari. Mke wangu huku sikioni, wewe huku kwenye spika. Nikakuamini wewe. Nikajaza tangi."

Nitawaacha na hilo kidogo.

Siku mbili tulishangilia. Siku ya tatu magari yakaanza kukohoa. Yakazima kwenye mizunguko ya barabara, yakazima madarajani. Jenereta la hospitali lilizima saa nne asubuhi, madaktari wakiwa kazini, na mnajua wenyewe ni nyumba ngapi zilizolia wiki ile. Teksi ya yule mzee ilikufa injini, haikufufuka. Fimbo ya tangi namba nne ilipotumbukizwa siku hiyo, ilitoka nyekundu kiganja kizima.

Mngetarajia aitwe, aombwe radhi, avishwe shada. Kampuni ilitoa taarifa: maji yaliingia kwa uzembe wa kitengo cha upimaji. Kitengo cha upimaji! Kitengo kilikuwa yeye, fimbo yake na kopo la dawa. Alifukuzwa kwa maji aliyokataa kuyasainia. Na hiyo taarifa pia niliisoma mimi, kwa sauti hii hii.

Maji yale yalitoka wapi? Sijui. Hati zilisema meli imetoka bandari fulani. Mabaharia waliokuja mjini kununua sigara walitaja nyingine. Meli iling'oa nanga Jumanne ileile, kabla jua halijatua. Mama Yatulie alimwuliza binti yake swali ambalo nami nalibeba: "Mtu anayeuza kitu kizuri anakimbia nini?" Sina ushahidi. Nina pua tu.

Baada ya hapo hakuna aliyempa kazi. Watu husahau habari, lakini hawasahau tope walilompaka mtu. Wapangaji wenzake walikuwa wakinong'ona akipita na ndoo. Ndipo paneli za sola zilipoanza kuingia madukani, na hadithi ikageuka, au tuseme ikajirudia na kanzu mpya.

Alinunua paneli moja. Nyuma imeandikwa wati mia. Akapanda bati saa sita mchana na mita ya fundi umeme, akaipima. Sitini na mbili. Akasubiri kesho, akapima tena. Sitini na mbili. Akaibeba kichwani mpaka dukani. Mwenye duka akamwambia, "Mama, jua la kwetu ni hafifu." Akamjibu, "Jua hilihili linalokausha mashuka yangu kwa saa moja?" Alirudi mara tatu. Mara ya tatu alikuta wateja wengi, akaipima mbele yao. Akapewa nyingine upesi sana, na hii ilikuwa wati mia kweli.

Paneli hiyo ilimlisha. Alichaji simu za mtaa mzima. Na majirani walewale waliokuwa wakinong'ona wakaanza kumletea betri, taa, paneli, kila kilichotoka melini, awapimie kabla hawajanunua. Kwa hiyo jina lake lilisafishwa hapo, kwenye ngazi za nyumba yake, kwa mtu mmoja mmoja. Redioni halikusafishwa kamwe. Miaka kumi na mmoja. Nilikuwa na kipaza sauti kila wiki.

Aliugua ugonjwa wa damu. Binti yake anasema daktari aliuliza, mama alifanya kazi gani? Alipojibiwa kwamba alivuta mvuke wa mafuta miaka ishirini na miwili, daktari aliweka kalamu chini. Kwenye cheti cha kifo hakuna neno kuhusu hilo.

Sasa niwaambie kwa nini hakuna matangazo. Jumatano kampuni moja ya sola ilileta ombi la kudhamini kipindi hiki. Walikuwa na karatasi, imeshapigwa chapa. Walitaka niseme marehemu aliyachoka mafuta akaliona jua, na kwamba aliiamini bidhaa yao. Safari hii niliuliza. Niliuliza kampuni ni ya nani. Ni yuleyule wa meli, wasikilizaji wapendwa. Nembo mpya, ina jua linalochomoza, lakini mizigo inapita lango lilelile na mwenyewe ni yuleyule. Nilimpigia binti simu. Akasema, "Mama hakuamini mafuta wala hakuamini jua. Aliamini fimbo." Nikawarudishia karatasi yao. Kama kuanzia wiki ijayo mtasikia mwenzangu kwenye saa hii, mtaelewa.

Mimi sisemi sola ni mbaya. Nyumba yake inawaka taa za sola hadi leo. Nasema nchi inayonunua kila kitu kwa jirani wa mbali, iwe mafuta iwe jua lililofungwa kwenye kioo, isipoweka mtu wa kupima pale langoni, inabadilisha tu rangi ya kamba iliyofungwa nayo. Na tulikuwa naye mtu huyo. Tulimrushia chupa.

Kwa mume wake, kwa binti, kwa mkwe, na kwa wajukuu wanne: pokeeni pole zetu. Mungu awape subira, naye ampumzishe mama mahali pema. Kwa madereva waliomwita jina lile kwa utani na leo wamefunga malori yao kitambaa cheusi: nanyi pia poleni.

Na karatasi ile niliyoisoma Jumanne ile, saa saba na nusu, ilikuwa uongo. Narudia. Ilikuwa uongo. Mwanamke yule hakufanya hujuma. Alikuwa anafanya kazi yake, na ndiye peke yake siku ile aliyekuwa anaifanya.

Jana nilimwambia binti yake kwamba leo nitaomba msamaha hewani. Akaniuliza, "Kwa nani?" Nikasema, kwa mama. Akasema, "Mama hasikii. Na sisi hatukukuamini siku ile, kwa hiyo hutudai wala hatukudai. Waombe waliokuamini."

Wasikilizaji wapendwa, mliniamini. Baba yule kwenye teksi aliniamini. Nisameheni. Na siku nyingine mkinisikia, mimi au yeyote atakayeketi kwenye kiti hiki, nazungumza kwa uhakika mwingi kuhusu mtu asiyekuwepo kujitetea, pigeni simu studio. Ulizeni karatasi imetoka kwa nani.