Kamba ya Bendera ya Mzee Göte

Saa moja na nusu asubuhi, tarehe sita Juni, sikukuu ya taifa ya Uswidi, benchi la mbele ya duka la ushirika lilikuwa limeshajaa. Majlis, waliyemwita Mama Chupa kwa kuwa chupa ya kahawa haimtoki mkononi, alikuwa akimimina. Ingvar, mkata miti mstaafu, waliyembandika jina la Profesa, alikuwa ameanza kuhutubu. Göte Mlingoti alikuwa amenuna. Miaka thelathini na mmoja ndiye aliyepandisha bendera ikigonga saa mbili kamili. Leo halmashauri ilitaka kamba apewe raia mpya. Ilimuuma, na hakuficha.

— Anayeshika kamba ile lazima aijue siku yenyewe, alisema Göte.

— Sawasawa! alidakia Profesa. Siku hii, mwaka 1523, Gustav Vasa alichaguliwa mfalme. Alikuja anateleza kwa ski, mbao ndefu miguuni, theluji magotini!

— Theluji ya Juni, Profesa? aliuliza Mama Chupa.

— Juni ya zamani ilikuwa na adabu. Wadenmaki waliokuwa wakitutawala walipomwona wakatupa silaha, wakaomba kahawa.

— Kahawa ilikuwa haijafika nchi hii, wee!

— Ndiyo maana wakaondoka.

— Mbona imekuwa sikukuu ya mapumziko juzi tu, 2005?

— Haraka haraka haina baraka, mama.

— Lakini mgeni siku ya tatu mpe jembe, alisema Mama Chupa. Luwam ana miaka tisa hapa. Unamnyima kamba tu, Göte?

Mara Luwam mwenyewe, huyo raia mpya, muuguzi wa nyumba ya wazee, akatokea, karatasi mkononi.

— Hamjambo wazee wangu? Nisaidieni. Ubeti wa pili wa wimbo wa taifa, mstari wa tatu, sauti inapanda au inashuka?

Profesa alikoroga kahawa isiyo na sukari. Göte alitazama viatu vyake. Miaka yote ile, ubeti wa pili ukifika, alichezesha midomo tu.

— Hebu uimbe, mwanangu, alisema Göte.

Aliuimba taratibu, karatasi imekunjwa. Göte alivua kofia. Fahari ilimjaa kifuani, akaona haya kwamba dakika tano nyuma alikuwa na kinyongo.

— Inapanda, alisema. Twende. Kamba inateleza asubuhi, ishike kwa mikono miwili, bendera isiguse chini.

— Na wewe, mzee?

— Nitasimama karibu yako. Nataka kuyasikia maneno.