Mlango wa Kashuga Uliosoma Goma

Benchi letu la Mweso liko chini ya paa la kibanda cha Mama Annonciata, kando ya barabara iendayo Kitshanga, na kwa kuwa cherehani yangu iko hapo hapo, mimi husikia yote. Mikono ina kazi, masikio hayana. Wananiita Mashine. Jumamosi ile asubuhi tulikuwa mimi, Damien tunayemwita Avoka, yaani wakili, kwa sababu aliwahi kufagia mahakamani, kwenye tribunal, wiki mbili, na Shema Antenne, mwenye pikipiki, ambaye hupata habari kabla hazijatokea. Annonciata alikuwa anatumiminia kahawa ya tangawizi. Ndipo akaja Uwamwezi, amebeba mlango kichwani.

Mlango kweli, wa mbao, na bawaba zake. Uwamwezi tunamjua tangu zamani: anachonga picha kwenye ubao kwa visu alivyovitengeneza kwa vyuma vya mwavuli, anapaka wino, analaza karatasi juu, anaisugua kwa mgongo wa kijiko, na picha inabaki kwenye karatasi. Kwa kazi hiyo chuo kikuu kimoja cha Goma kilikuwa kimemwita akae kwao miezi mitatu. Tulimsogelea, akauegemeza mlango ukutani, akakaa.

— Université ilikuita ufundishe? Avoka aliuliza.

— Hapana. Iliniita nikae. Banasema artiste en résidence. Unakaa, unafanya kazi yako, banafunzi banaangalia.

— Unakaa tu?

— Nakaa.

— Basi siye tuko mu résidence hapa tangu miaka kumi na moja, na ata mwanafunzi mumoja hatuyamuona.

Annonciata akasema wanafunzi wangekuja, wangejifunza kumaliza sukari yake.

Uwamwezi alicheka, akatusimulia. Walimpa chumba chenye ufunguo na mashine kubwa ya kuchapia, ina gurudumu kama la gari. Yeye akaomba kijiko. Ombi la kijiko likaandikwa, likapitia ofisi tatu, na kijiko kikafika siku ya tisa. Lakini wanafunzi walipoona kijiko kinavyofanya kazi, kila mmoja akaja na chake, na mpishi wa kantini akapanda ngazi mwenyewe kuja kutafuta vijiko vyake. Tulicheka mpaka Shema akamwaga kahawa.

Kisha Uwamwezi akasema ana neno la kutuuliza. Nilishangaa kidogo, maana sisi hatujawahi kukubaliana hata leo ni tarehe ngapi.

Neno lenyewe ni hili. Wachapaji wana desturi yao. Mtu akiahidi karatasi ishirini, anazihesabu na kuziandika namba, na baada ya ile ya ishirini anapitisha kisu kwenye ubao toka pembe hadi pembe, ili hata yeye mwenyewe asiweze kuchapa ya ishirini na moja. Hiyo ndiyo heshima ya kazi. Uwamwezi aliikubali na kutia sahihi, na mbao zake nyingine zote alizikata bila kuwaza. Ulibaki huu mlango. Profesa wake, Honoré, mtu mpole, alimwambia picha zake hazitatundikwa kabla ubao haujakatwa, na zisipotundikwa hatarudishwa muhula wa pili. Alimpa mpaka Jumatatu.

Nasi tukageuka kuutazama mlango. Ulikuwa wa nyumba yao ya Kashuga. Asubuhi ile walipokimbia vita, wengine walibeba magodoro na masufuria, lakini mzee Munyakazi, baba yake, aliung'oa mlango. Alijua kwamba nyumba ikibaki bila watu, mlango ndio kuni za kwanza. Aliubeba kichwani mpaka hapa Mweso, akaulalia miaka minne, na alipokuwa karibu kufa alimwambia binti yake asiuchome na asimpe mtu, kwa sababu utarudi mahali pake, naye akaahidi. Alipokwisha kuzikwa, Uwamwezi alichonga upande wa ndani: majirani wa Kashuga wakiingia kwao Jumapili baada ya misa, na mzee Munyakazi mbele yao, amevaa kofia.

— Nilifikisha kisu hapa, mbele ya uso ya Baba, akasema. Mukono ikakataa. Na kusaini nilisaini, miye mwenyewe. Munishauri. Nikate ao nisikate?

Avoka alisimama, kama afanyavyo akiona kuna kesi.

— Kata. Chef akitoka mu bureau, banakata cachet, muhuri yake, asiendelee kusaini barua akiwa kwake. Njo maana wazee balisema mukono mumoja haulei mutoto.

— Mutoto iko wapi hapo? Annonciata aliuliza.

— Mutoto njo mulango.

Shema alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesikiliza wasiojua.

— Nyie munaangalia nyuso. Muangalie nyuma ya nyuso. Ile si vilima? Chini ya vilima ya kwetu kuko nini? Mawe, madini. Ile iko carte, ramani. Picha ishirini zikishatundikwa, satellite itazisoma, alafu ubao inakatwa, siye benyewe tubakie bila kitu. Mwenye macho haambiwi tazama.

— Vilima nilichonga sababu nafasi ilibakia, Uwamwezi alisema.

— Njo vile banakutumia bila weye kujua. Kila karatasi iko na kipande yake ya siri.

— Karatasi zote ishirini ziko sawasawa, kaka.

— Njo ujanja yenyewe.

Avoka hakupenda kushindwa na satelaiti. Alikunywa kahawa yote kwa mkupuo, akabadilisha upande wa kesi bila aibu. Alisema mlango huu umekaa université miezi mitatu, umeingia darasani kila siku, haukuwahi kukosa, jambo ambalo hata watoto wa wakubwa hawaliwezi. Kwa hiyo, kisheria, ni mwanafunzi. Mwanafunzi hakatwi kisu. Anaitwa mbele ya jury ya maprofesa, anajitetea, na akifaulu anapewa diplome.

— Itajitetea na mudomo gani? Shema aliuliza.

— Na tundu ya ufunguo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hapo hata mimi nilisimamisha cherehani nicheke. Uwamwezi naye alicheka, kisha akafuta macho, na hatukujua anafuta nini. Annonciata aliweka birika chini.

— Binti yangu, akamwambia, kisu haiui mutu mara ya pili. Ulishamuzika. Kata, urudie mu kazi yako. Ata yeye alikuwa mutu wa neno lake.

— Najua haimuui, mama. Lakini alisema mulango itarudia mu nyumba. Nitairudisha namna gani, na kidonda ku uso yake? Majirani banakuja, banabisha hodi, banaona nini?

Nasema wazi, nilimwonea uchungu. Neno alilompa profesa lilikuwa la kweli, na neno alilompa baba yake lilikuwa la kweli.

Mama mmoja alikuwa amekaa mwisho wa benchi, na gunia la viazi miguuni. Hatukumjua. Alikuwa anamsubiri Shema amalize kahawa ampeleke Kitshanga, na alisikiliza yote bila kutuingilia, satelaiti na jury pamoja. Sasa akamgeukia Uwamwezi.

— Na nyumba, ingali iko?

Annonciata alimtazama Shema, kwa kuwa Shema ndiye hujua. Shema alitazama tairi lake.

Kashuga si mbali. Barabara ikiwa kavu, pikipiki haimalizi saa moja. Uwamwezi alikuwa ameubeba mlango ule mpaka Goma na kuurudisha, amewaeleza maprofesa kila uso, kila kofia, na hakuwahi kupanda kule kuangalia. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nina nyumba huko, yenye madirisha mawili, na sijakwenda. Asiyekwenda kuangalia bado ana nyumba.

— Sijue, mama, Uwamwezi alisema.

Akamuuliza Shema kama barabara inapitika. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Shema alisema hajui, angemuuliza mtu. Akaenda kuuliza kweli, kwa wauza mihogo waliotoka upande ule asubuhi, akarudi.

— Banapita. Tuende mapema, turudi mapema.

Yule mama alisema yeye na viazi vyake watangoja pikipiki nyingine. Uwamwezi alimwomba Annonciata amwangalizie mlango usinyeshewe. Kisu akaniachia mimi, nikakiweka kando ya mkasi. Akapanda nyuma ya Shema, wakaelekea Kashuga, na safari hii hakubeba kitu.