Simai Pandu, Aliyetubishia Hodi Sote

Assalaamu alaykum, ndugu mwanachama. Hujambo wewe na waliomo nyumbani? Watoto wazima? Wazee wanaamka salama? Sisi wa klabu ya Nuru ya Ng'ambo afya tunayo, alhamdulillahi. Lililotupungukia unalijua, na mbele nitalisema.

Ijumaa, tarehe 29 Agosti 1958, Bwana Simai bin Pandu anastaafu, baada ya kuitumikia klabu yetu miaka thelathini na miwili. Kamati zimenitaka mimi niandike habari zake, kwa sababu muda wote huo nguo zake zimepita mikononi mwangu. Elimu yangu ni ndogo, mnisamehe nikikosea.

Simai alizaliwa Makunduchi. Alikuja mjini kijana mwembamba, akaanza kwetu kwa kufagia ukumbi na kutandika majamvi. Siku moja katika natiki yetu, mchezo wetu wa jukwaani, aliyekuwa aigize mke wa sultani aliugua homa, na wakati ule mwanamke kupanda jukwaani ilikuwa haisemeki. Simai alikuwa amekwisha kuyahifadhi maneno yote kwa kusikiliza tu. Nikamfunga kanga, nikamtia wanja na asumini. Akasimama mbele za watu, akaigiza mpaka mwisho. Tangu siku hiyo akawa Bi Shemsa, na hakuna aliyeichukua nafasi ile tena.

Natiki ikimalizika, wanja aliufuta, mwendo haukufutika. Sauti ni ile ile, mikono ni ile ile, na nyumbani kwake kanga ndiyo nguo aliyostarehe nayo. Niliwahi kumwuliza kama hachoki kuigiza. Akacheka, akanambia:

"We Mwatum we! Wenzangu wanaigiza wakivaa. Mie naanza kuigiza nikivua."

Aliitwa majina mengi njiani. Sitayaandika hapa, unayajua, na huenda nawe uliwahi kuyatamka. Mimi ni mtu wa sala tano na sijifanyi mwanachuoni. Mambo ya hukumu nawaachia wenye elimu, na Mwenye hukumu ni Mmoja. Ninaloweza kulishuhudia ni hili: katika miaka hiyo yote sijamsikia Simai akimsengenya mtu, na adhana haijamkuta amekaa.

Wakati wa vita vile vikubwa, tulipokuwa tukila unga wa kupimiwa, klabu iliombwa kuwachezea askari kabla hawajapelekwa ng'ambo ya bahari. Simai aliigiza mama anayeagana na mwanawe. Askari wazima, wenye bunduki, walilia. Tulipomaliza, sajini mmoja wa bara, jitu la mtu, alikuja nyuma ya pazia na kifurushi cha sukari, anamtafuta yule mama ampe na aombewe dua. Alimkuta yule mama ananyoa ndevu. Sajini alisimama, akatazama, akaiweka sukari chini, akapiga saluti, akaondoka. Sukari tuliinywa katika chai, na dua Simai aliiomba vilevile.

Lakini kazi iliyomjulisha zaidi si ya jukwaani. Simai alikuwa mwalikaji wetu. Unajua desturi: mtu haitwi harusini kwa karatasi, lazima aje wa kumwita, abishe hodi, aseme kwa kinywa chake. Na nyumba huwa na pande mbili. Mwanamume huishia barazani, mwanamke huingia uani. Simai peke yake alikuwa akiwasalimia wanaume barazani kwa heshima zote, kisha akapita hadi uani wanawake wasijifunike. Hodi moja tu, nyumba nzima imealikwa.

Kisha zikaja siasa. Vita vile vilikuwa mbali. Hivi vimetufuata mtaani, bila bunduki. Watu hawanunui duka moja, hawasalimiani, ndugu kwa ndugu. Mwaka jana kulikuwa na harusi, bibi harusi wa upande huu, bwana harusi wa upande ule, na hakuna aliyethubutu kuialikia. Simai alivaa kanzu yake, akatia asumini sikioni, akatoka. Vijana walimzuia pembeni mwa njia.

"We Bi Shemsa, simama! Upande gani wewe?"

"Wanangu, hata upande wa wake na wa waume sijaambiwa nikae upi. Mtaniuliza wa siasa?"

Walicheka mpaka wakampisha. Harusi ile ilijaa.

Mwezi wa Rajab hakikubaki cha kuchekesha. Bakar, mpiga fidla wetu, alifariki alfajiri. Sote tunajua kwamba yeye na Simai walikaa nyumba moja Mchangani tangu ujana wao, wakila sinia moja. Aliyekuwa na haki ya kukaa na kupewa mkono wa tanzia ni Simai. Badala yake alitoka mwenyewe kuwaita watu mazikoni, kwa sababu kazi hiyo ni yake.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa mwanachama mwenzetu, ambaye Simai aliwaalikia binti zake wote. Akabisha hodi.

"Nani?"

"Simai. Bakar katutoka. Tunazika baada ya adhuhuri."

Kisha sauti kutoka ndani: "Wenyewe hawapo."

Sauti ile alicheza nayo natiki miaka kumi. Simai akajibu kwa upole, "Basi wenyewe wakirudi, waambie maziko ni baada ya adhuhuri." Akenda mlango wa pili. Na wa tatu. Nyumba za upande ambao Bakar hakuwa wake zilikuwa hazina watu siku ile, na moshi wa jikoni unafuka.

Mimi ni mwanamke, makaburini siendi. Nilisimama mlangoni nikaliona jeneza linatoka. Mnajua linavyobebwa kwetu, kila hatua mtu anampokea mwenzake, kila mmoja apate thawabu. Siku ile wa kupokea walikuwa haba. Simai alilibeba bila kupokewa tangu Mchangani mpaka kaburini. Kesho yake aliniletea kanzu yake niifue. Begani ina doa la damu.

Alikaa kwenye kiti changu cha cherehani, akasema:

"Bakar mwanamume wa watu, ana ndugu, kazikwa vile. Mie je, Mwatum? Nani atanibeba mie?"

Nikaendelea kusugua doa.

Miezi miwili baadaye klabu ikagawanyika. Wa upande huu walichukua kanuni, ile ala ya nyuzi, na fidla, wa upande ule wakachukua ngoma na pazia. Pande zote mbili zilimtaka Simai, kila mmoja ukimwahidi cheo. Aliwajibu kwa neno moja: kwamba yeye hawezi kuwa nusu, na kama nusu ndiyo wanayoitaka, bora astaafu mzima.

Kamati zote mbili zilimwuliza anataka zawadi gani. Hakutaka saa wala koti. Alisema anataka awaone watu wake wote mahali pamoja akiwa hai, maana siku ya kubebwa hatowaona.

Basi, ndugu yangu, shughuli itakuwa Ijumaa hiyo baada ya alasiri, katika uwanja wa klabu Kikwajuni. Nimekwisha kuitengeneza nguo ya yule mama anayeagana na mwanawe, ataivaa mara ya mwisho. Kanuni imekubali kuja. Ngoma bado hazijasema.

Tatizo ni la kualika. Mtu hajialiki mwenyewe, na waalikaji waliobaki kila mmoja anakwenda kwa watu wa upande wake tu. Ndipo nikaomba habari hizi zichapwe, zipelekwe kila nyumba, ya upande huu na ya upande ule. Karatasi haibishi hodi, najua, wala haingii uani kuuliza hali. Ichukue hivyo hivyo.

Bwana Simai, kwa niaba ya kila aliyewahi kukufungulia mlango: ahsante. Mwenyezi Mungu akupe umri wenye afya, moyo mkunjufu na majirani wema, na hilo tulilokukosesha siku ya Bakar atujaalie tulilipe kwako mwenyewe.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, nakuomba ujibu upesi, na jibu usinipe mimi. Nenda Mchangani. Kila siku baada ya alasiri Simai hukaa ukumbini kwake, mlango wazi. Bisha hodi, umwambie utakuja. Akiuliza nani, taja jina lako.

Mwatum binti Masoud,
Mtunza mavazi, Nuru ya Ng'ambo